Sura ya Sita: Kitovu Kilichokatwa Mara Mbili

Mjomba alikuja na kikopo ndani ya mfuko wa nailoni, akakiweka kwenye meza ya chakula, kisha akaona haya, akakiinua na kukihamishia dirishani.

"Mpwa wangu, damu nimeshaizoea," akasema. "Lakini hiki sikielewi."

Nilikinyanyua kwenye mwanga. Mkojo ulikuwa kama chai ya rangi iliyozimuliwa, na ndani yake mlikuwa na ute mzito, mweupe wa kuchafuka, uliovutika nilipokiinamisha kikopo na kurudi polepole nilipokisimamisha. Ulikuwa kama mlenda. Sikuwa nimewahi kuona kitu cha namna hiyo kwenye mkojo wa mtu, naye alikuwa akikiona kila asubuhi kwa wiki tatu.

Damu ilikuwa imeanza miezi minane kabla. Ilikuja siku mbili, ikapotea wiki kadhaa, ikarudi. Kwetu pwani damu kwenye mkojo ina jina lake hata kabla hujafika kwa daktari: kichocho. Wanaume wa rika la mjomba waliogelea kwenye mabwawa na vijito, wakakojoa damu utotoni, wakakua. Zahanati moja ilimpa prazikwanteli mara tatu. Mara tatu zote hakuna aliyeuweka mkojo wake chini ya darubini kutafuta mayai ya mnyoo. Nina uchungu na jambo hili mpaka leo. Dawa yenyewe ni nzuri, imewatibu watoto wengi mno Unguja na Pemba. Lakini mwanamume wa miaka 56 anayekojoa damu bila maumivu, akapewa dawa ya kichocho na damu isikome, hahitaji dozi nyingine. Anahitaji kutazamwa ndani ya kibofu.

Alitazamwa hatimaye, kwa kamera, yaani bomba jembamba linalopitishwa kwenye njia ya mkojo. Daktari aliona uvimbe kileleni kabisa, kwenye paa la kibofu, akakata kipande kidogo cha nyama cha kupimwa. Majibu yalirudi baada ya wiki mbili yakiwa na neno moja refu: adenokasinoma.

Uamuzi wote uliofuata ulitoka ndani ya neno hilo. Saratani ya kibofu inayojulikana zaidi duniani huota kwenye utando wa ndani wa kibofu chenyewe, na sigara ndiyo chanzo chake kikuu. Kwenye maeneo ya kichocho kuna ya pili, ya seli bapa, inayotokana na miaka mingi ya mayai ya mnyoo kukwaruza na kuchoma ukuta wa kibofu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka rasmi mnyoo huo kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1994. Adenokasinoma si hiyo wala hiyo. Ni saratani ya seli zinazotengeneza ute, seli za aina inayopatikana kwenye utumbo, na kwenye kibofu ni mgeni. Mgeni akionekana ndani ya nyumba, swali la kwanza ni mlango alioingilia.

Basi utumbo mpana wa mjomba ulichunguzwa, maana saratani ya utumbo inaweza kutoboa ikaingia kibofuni. Ulikuwa salama. Kisha kipimo cha CT kikaonyesha kile ambacho kamera haikuweza kuona: sehemu kubwa ya uvimbe ilikuwa nje ya kibofu, juu yake, katikati ya mwili kabisa, nyuma ya ukuta wa tumbo, ikielekea kitovuni. Ndani yake mlikuwa na vichembe vyeupe vya chokaa. Tulichokuwa tukikiita saratani ya kibofu kilikuwa kimeanzia kwenye mrija ambao hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba binadamu anao.

Mrija huo huitwa yurakasi. Mtoto akiwa tumboni mwa mama yake, kibofu chake kiko juu, na kileleni mwake kina mfereji mwembamba unaokwenda hadi kitovuni. Mimba inavyokua, kibofu hushuka kuelekea nyonga, mfereji hunyooka, hukonda, hujifunga. Mtu anapozaliwa hubaki na uzi mgumu wa nyama, wa sentimita chache, kutoka paa la kibofu hadi nyuma ya kitovu. Mara moja moja haujifungi, na mama hushangaa kuona kitovu cha mtoto wake kimedondoka lakini hakikauki, kinatoa majimaji: ni mkojo. Kwa watu wengine uzi hufungwa lakini ndani yake hubaki uwazi mdogo wenye seli hai. Waliochunguza maiti za watu wazima walikuta mabaki ya namna hiyo kwa karibu mtu mmoja kati ya watatu. Kwa karibu wote hayana neno maisha yao yote. Kwa wachache mno, seli hizo hugeuka.

Hue na Jacquin waliandika juu ya saratani hii huko Ufaransa mwaka 1863. Mwaka 1931 daktari mpasuaji Campbell Begg akaeleza kwa kina jinsi uvimbe wa ute unavyoota kutoka kwenye seli za mfereji huo na kushuka hadi kibofuni. Tangu hapo wagonjwa wamekuwa wakiandikwa mmoja mmoja, kumi kumi. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya kibofu, wa yurakasi hafiki hata mmoja. Uholanzi, nchi inayosajili kila saratani, ilipohesabu wagonjwa wake wa kuanzia 1989 hadi 2009 ilipata 152 tu, nchi nzima. Daktari bingwa wa mfumo wa mkojo anaweza kustaafu akiwa amewaona wawili. Wengi hawamwoni hata mmoja.

Nimeyasema haya ili msomaji asimhukumu haraka daktari wa kwanza aliyezungumza nasi. Alikuwa mtu mwema, alitukaribisha viti, akazungumza taratibu. "Mwalimu," alimwambia mjomba, kwa kuwa mjomba alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na kila mtu humwita hivyo, "saratani imeshaingia kwenye msuli wa kibofu. Ikifika hapo, kawaida ni kutoa kibofu chote." Na kwa saratani ya kawaida ya kibofu alikuwa sahihi. Utando wa kibofu ukiugua, huugua wote; ukikata kipande leo, kesho inaota upande wa pili. Ndiyo maana kibofu hutolewa chote, kwa mwanamume pamoja na tezi dume na vifuko vya shahawa, kwa mwanamke mara nyingi pamoja na kizazi, na tezi za limfu za nyonga.

Kisha mkojo lazima utafutiwe njia. Figo hazijui kwamba kibofu hakipo. Zinaendelea kuchuja usiku na mchana. Njia iliyoenea zaidi iliandikwa na Eugene Bricker wa St. Louis, Marekani, mwaka 1950. Hukatwa kipande kifupi cha utumbo mwembamba, mirija miwili inayotoka kwenye figo hushonewa humo, na ncha moja ya kipande hicho hutokezwa nje ya tumbo, upande wa kulia chini ya kitovu. Mkojo hutiririka wenyewe ndani ya mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Njia nyingine ni kushona kipande kirefu zaidi cha utumbo kiwe kama mpira, kikawekwa mahali pa kibofu na kuunganishwa na njia ya mkojo ya asili, mgonjwa akajifunza upya kukojoa kwa kukaza tumbo. Waafrika wametoa mchango mkubwa kwenye elimu hii. Mji wa Mansoura, kwenye delta ya mto Nile, una kituo cha figo na njia ya mkojo kilichoanzishwa na Mohamed Ghoneim, na kwa sababu ya kichocho cha mifereji ya Nile, yeye na wenzake walifikia kuandika taarifa ya vibofu 2,720 vilivyotolewa kwa mfululizo. Vituo vichache sana duniani vina hesabu ya namna hiyo.

Kwa hiyo mtu anaweza kuishi bila kibofu, na wengi wanaishi vizuri. Sitaki msomaji ambaye kwake hiyo ndiyo njia iliyobaki aione sura hii kama inamtisha. Lakini gharama yake ni ya kila siku. Mifuko hununuliwa mwezi baada ya mwezi, na si kila duka la dawa linayo. Ngozi inayozunguka tundu huchubuka. Yule wa kibofu cha utumbo huamka usiku kwa saa ya kengele ili asilowe. Na kwa mwanamume, mishipa ya fahamu inayomwezesha tendo la ndoa hupita pale pale kisu kinapopita.

Mjomba hakuuliza lolote kati ya hayo. Tulipotoka nje aliuliza, "Nitaswali vipi na mfuko wa mkojo kiunoni?"

Alilala na swali hilo usiku mmoja, kesho yake akaenda kwa sheikh wa msikiti wake baada ya alasiri. Jibu alilopewa lilikuwa fupi: mwenye udhuru wa kudumu hutawadha kwa kila sala ya faradhi wakati wake ukishaingia, akaswali, na sala yake ni sala. Alirudi amenyooka mgongo. Nimekutana na wagonjwa walioikataa operesheni kwa swali hilo hilo, hawakulisema kwa daktari wala hawakulipeleka kwa anayeweza kulijibu, wakafa nalo. Ningependa kila wodi ya upasuaji ya pwani yetu iwe na mtu wa kulijibu kabla mgonjwa hajaulizwa kama amekubali.

Tulikuwa tumeshapewa tarehe wakati binamu yangu mmoja, muuguzi, alipoyasoma majibu ya CT na kusema tutafute daktari wa pili. Mjomba hakutaka. Aliona ni kumvunjia heshima wa kwanza. Binamu akamwambia, "Baba, ulipokuwa unasahihisha mitihani ya darasa la saba, si mlikuwa mkisahihisha wawili?" Akakubali.

Daktari wa pili alikuwa mwanamama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Hakuanza na kibofu. Alimlaza mjomba, akambonyeza kitovu kwa vidole viwili, akashuka navyo taratibu hadi mfupa wa kinena, akimtazama usoni. Kisha akaketi, akaomba kalamu, na kwenye daftari la mjomba, lile la mraba alilokuwa akiandikia maswali yake, akachora kitu kama embe lililoning'inia chini ya uzi. Embe ni kibofu. Uzi ni yurakasi. Juu ya uzi akaweka nukta: kitovu. Akatia wino mzito pale uzi unapokutana na embe.

"Mwalimu," akasema, "saratani yako haikuanzia kibofuni. Imekuja kibofuni."

Akaeleza kwamba kwa saratani hii, kutoa kibofu chote na kuuacha uzi na kitovu ni kukosea mahali pa kukata. Kinachotakiwa ni kuutoa mfereji wote, tangu kitovu chenyewe hadi paa la kibofu, pamoja na nyama na utando wa tumbo unaouzunguka, vyote vikiwa kipande kimoja kisichofunguliwa. Kibofu kikatwe paa lake tu, na kiasi cha nyama safi kuuzunguka uvimbe. Kilichobaki kishonwe. Uvimbe usiguswe kisu, usipasuke, maana ute wake umejaa seli, na ukimwagika ndani ya tumbo unapanda saratani kila unapotua. Kwa sababu hiyo hiyo, kuukwangua kwa kamera kutoka ndani, kama wanavyofanyiwa wagonjwa wengi wa kibofu, hakuwezi kuwa tiba: unakwangua dari huku moto uko juu ya paa.

Sasa, kati ya madaktari wawili, tumwamini nani? Hapa ndipo familia nyingi hukwama, na mara nyingi huamua kwa kutazama aliyezungumza kwa uhakika zaidi, au hospitali yenye sakafu inayong'aa. Nilijipa kazi ya kusoma.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba hakuna utafiti uliowahi kuwagawa wagonjwa wa yurakasi makundi mawili kwa bahati nasibu, hawa wakatolewa kibofu chote na wale nusu, wakalinganishwa. Hautakuwepo karibuni, kwa uchache wao. Tulichonacho ni hospitali kubwa zilizorudi kwenye majalada yao. M.D. Anderson ya Houston ilichapisha yake mwaka 2003. Kliniki ya Mayo ya Minnesota, yenye wagonjwa 66, mwaka 2006. Hesabu ni ndogo na wagonjwa walitibiwa kwa miongo tofauti, kwa hiyo kila anayezisoma azisome kwa tahadhari. Lakini zinaelekea upande mmoja. Walioishi miaka mingi huko Houston wengi wao walikuwa wamekatwa kitovu, mfereji na paa la kibofu kwa pamoja, kingo zikiwa safi. Na waliotolewa kibofu chote, kwa ujumla wa taarifa hizi, hawakuonekana kuishi zaidi ya waliobakiziwa, mradi kingo za hao wa pili zilikuwa safi.

Kingo safi: hayo ndiyo maneno mawili niliyotaka kila ndugu yetu ayaelewe. Kipande kikishatolewa, mtaalamu wa patholojia hukipaka wino kuzunguka nje yote, kisha hukikata vipande vyembamba na kuvitazama kwa darubini. Seli ya saratani ikigusa wino, kuna nyingine iliyobaki ndani ya mtu. Isipogusa, mpasuaji alipita kwenye nyama nzima. Kadiri ninavyosoma, ndivyo ninavyoamini kwamba swali la kibofu chote au nusu linakuja baada ya hili. Daktari anayekata kibofu chote akaacha kingo chafu kitovuni amemchukulia mgonjwa mengi bila kumpa kitu. Na nafasi kubwa ni ya operesheni ya kwanza. Saratani ikirudi, hurudi kwenye kovu, kwenye utando wa tumbo, kwenye mapafu, na hapo kisu hakina tena njia iliyonyooka. Dawa za saratani zipo, na kwa kuwa seli zake zinafanana na za utumbo, madaktari wengi huchanganya dawa za saratani ya utumbo na zile za kibofu. Zinasaidia baadhi, hazijachukua nafasi ya kisu. Kwa ujumla karibu nusu ya wagonjwa huwa hai baada ya miaka mitano, na waliowahi mapema ndio wanaoibeba hesabu hiyo.

Hata hivyo kibofu nusu hakimfai kila mtu. Uvimbe ukiwa umeshuka hadi sehemu ya chini ya kibofu, pale mirija ya figo inapoingilia, hakuna tena paa la kukata, chote kinatoka. Na kuna jambo linalotuhusu sisi hasa: mtu aliyeishi na kichocho miaka mingi anaweza kuwa na kibofu kilichokauka na kuwa kigumu kama ganda la kifuu, chenye chokaa ukutani. Ukikipunguza kibofu cha namna hiyo, kinachobaki hakitanuki. Mgonjwa atakuwa chooni kila baada ya dakika ishirini, na huenda mfuko ungemstarehesha zaidi. Kwa hiyo tuliomba kibofu cha mjomba kipimwe kwanza kinachukua kiasi gani. Mililita 400, na ukuta laini. Kichocho, kama aliwahi kuwa nacho, hakikumwachia alama.

Siku ya kuamua, mjomba alikwenda na daftari lake na maswali kumi na manne aliyoyaandika kwa mwandiko wa ubaoni. La kwanza lilikuwa: "Daktari, umewahi kuikata saratani hii?" Nilitazama sakafu. Kwetu mtu hamuulizi daktari hivyo.

"Moja," akajibu daktari, "nikiwa msaidizi. Kibofu cha aina nyingine nimekata vingi. Picha zako nimewapelekea wenzangu wawili, na wiki ijayo tutakaa kikao pamoja na mtaalamu wa patholojia na wa mionzi. Mmoja wao atasimama nami chumba cha upasuaji. Ukitaka kwenda kwingine nitakuandikia barua leo."

Kaka wa mjomba alikuwa akitaka India, na alikuwa tayari kuuza shamba. Mjomba alilifikiria. Jibu lile la daktari ndilo lililomwamulia. Nami naona aliamua vema, ingawa ningeheshimu pia kama angepanda ndege: daktari anayesema "moja" na kutaja wenzake anaofanya nao kazi ni wa kuaminika kuliko anayesema "usijali". Waliulizana mengine: kama tezi za limfu zitatolewa (ndiyo, ingawa faida yake bado inajadiliwa), mpira wa mkojo utakaa siku ngapi (kama wiki mbili, kisha picha ya kibofu kuhakikisha mshono hauvuji), daktari atafanya nini akikuta mambo ndani si kama picha zilivyoonyesha. Hilo la mwisho ndilo zito. Daktari alimwomba ruhusa ya maandishi, kwamba kingo zikionekana chafu papo hapo na kipande zaidi hakitoshi, atoe kibofu chote. Mjomba alikaa na kalamu muda mrefu. Akatia saini.

Lililobaki lilikuwa la bibi, mama yake mjomba, aliyekuwa na miaka themanini na kitu na hakuambiwa neno "saratani" mpaka siku hiyo. Alilipokea kimya. Alipoambiwa kuhusu kitovu ndipo alipoinuka kitandani.

"Watakitoa kitovu?"

"Watakitoa, mama."

"Kitovu chako nilikizika mimi. Pangani, chini ya mnazi, nyuma ya nyumba ya baba yako. Siku ya saba."

Kwa mtu wa pwani mahali pale ndipo kwao. Mtu akiulizwa kwao ni wapi, hujibu pale kitovu chake kilipozikwa, hata kama hajapaona kwa miaka arobaini. Tuliogopa kwamba bibi atakataa, na neno lake nyumbani lina uzito. Alifikiri, akipapasa shuka. Kisha akauliza kama daktari anaweza kukirudisha, ili akizike. Mjomba akamweleza, kama alivyokuwa akiwaeleza watoto wa darasa la tatu, kwamba kitapelekwa maabara kutazamwa na kitabaki huko. Bibi akasema, "Basi kile cha kwanza kipo. Kinatosha." Akalala, akageukia ukutani.

Operesheni ilichukua saa nne na nusu. Mkato ulianzia juu kidogo ya kitovu, ukakizunguka pande zote mbili kama ungo, ukashuka hadi kinena. Kilichotoka, daktari alituonyesha kwenye picha ya simu baadaye kwa idhini ya mjomba: juu kitovu, kikiwa bado kitovu, na mkunjo wake niliouona tangu utoto tulipokuwa tukienda naye kuoga baharini, chini yake utepe wa nyama na mafuta, ukipanuka kama pembe tatu, na mwisho wake paa la kibofu, na ndani ya paa hilo uvimbe wa ukubwa wa ndimu, uliofunikwa, haukupasuka.

Majibu ya patholojia yalichukua siku kumi na tisa. Saratani ilikuwa imevuka msuli wa kibofu na kuingia kwenye mafuta ya nje. Tezi za limfu kumi na moja, zote safi. Kingo za kibofu, za kitovu, za utando wa tumbo: safi. Binamu alilisoma neno hilo kwa sauti mara tatu, mara moja kwa kila ukingo, kama lilivyoandikwa. Kikao cha wataalamu kikashauri asipewe dawa za saratani kwa sasa, apigwe CT kila baada ya miezi michache mwaka wa kwanza na wa pili, na aendelee kufuatiliwa miaka mingi baada ya hapo. Kila tarehe ya CT inapokaribia, mjomba hali vizuri wiki nzima. Hilo halijabadilika.

Mpira ulipotolewa, kibofu kilichobaki kilikuwa na hasira. Alikwenda chooni mara ishirini na mbili siku ya kwanza. Daktari alikuwa ameshasema kwamba kibofu ni msuli, kitatanuka kwa miezi kikipewa muda, na kwamba ajizuie kidogo kidogo. Mjomba alinunua jagi la plastiki lenye mistari ya vipimo, akaliweka chooni juu ya ndoo iliyofunikwa, akakataza mtu yeyote asiliguse, na kwenye daftari la mraba, ukurasa unaofuata ule wenye embe na uzi, akachora safu mbili. Saa. Mililita. Wiki ya kwanza imejaa 60 na 70 na 55. Mwezi wa pili kuna 120. Mwezi wa tatu kuna siku moja aliyopigia mstari kwa wino mwekundu wa kusahihishia, 200.

Nilipomtembelea mara ya mwisho alinionyesha bila kuniita pembeni, mbele ya mkewe na bibi, hakuona haya. Alikuwa ameamka mara moja tu usiku huo. Kwenye safu ya kwanza aliandika saa kumi na dakika ishirini, alfajiri bado. Kwenye safu ya pili, 310.